Kelele katika Prosesa ya Laini ya Pili

1
(Imelda Nyalusi, wodi ya wanawake, akimjibu nesi aliyemuuliza kama maumivu yamepungua)

—jicho la mashine lilikuwa jekundu. Liliniona. Likikuona linawaka jekundu na kisu hakishuki, ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo linavyofanya kila asubuhi tukilijaribu kwa kipande cha ubao. Mimi nimekaa kwenye kile kisu tangu laini ya pili inafunguliwa. Vinia ilikuwa imekunjamana, unajua vinia, ule ubao mwembamba kama karatasi, gogo likimenywa linatoka hivyo. Nikaingiza mkono kuinyoosha. Kila mtu anaingiza mkono. Ndiyo kazi yenyewe. Jicho likawaka, nimeliona, halafu kisu kikashuka.

Jekundu, halafu kisu.

Si kisu, halafu jekundu.

Mbona huandiki, dada?

"Mimi naandika joto la mwili tu, mama."


2

KIWANDA CHA PLAIWUDI LYANIKA
TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE

Uongozi unasikitika kuwaarifu kuwa mfanyakazi wa kitengo cha ukataji, Bi. Imelda Nyalusi, alipata ajali kazini na kupoteza vidole vinne vya mkono wa kulia.

Uchunguzi wa ndani umebaini kuwa mfumo wa usalama ulikuwa ukifanya kazi kikamilifu kabla na baada ya tukio. Kumbukumbu za kompyuta hazioneshi hitilafu yoyote. Hivyo basi, chanzo cha ajali ni uzembe wa mfanyakazi mwenyewe.

Mnakumbushwa kuwa usalama unaanza na wewe.

Uzalishaji katika laini ya pili umerejea kama kawaida.


3
(Kantini, wakati wa uji)

"Alikuwa na simu?"

"Imelda? Kitochi chake kinakaa kabatini mpaka jioni."

"Basi alisinzia."

"Asubuhi ile? Na baridi ile?"

"Wanasema kompyuta imesema hakuna kosa."

"Kompyuta haina sababu ya kusema uongo."

"Na Imelda anayo?"

Vijiko.

"Amekaa nani pale sasa?"

"Skolastika. Yule aliyekuwa anafunga mizigo."


4

Naitwa Subilaga Mwalyego. Pale Lyanika mimi ndiye mtu wa kompyuta: printa ya mhasibu ikigoma naitwa, na kisu cha laini ya pili kikigoma naitwa. Wewe unayesoma huenda hujawahi kukanyaga kiwanda cha plaiwudi, kwa hiyo nikueleze kitu kimoja tu, na hicho kinatosha.

Jicho halikiambii kisu chochote.

Jicho linaiambia kompyuta. Kompyuta ndiyo inayokiambia kisu. Kati ya kuona na kusimama yupo wa tatu, na huyo wa tatu ndiye tuliyemwamini.

Nilipoenda kumwona Imelda wodini aliniambia yale yale aliyomwambia nesi, na aliyomwambia mumewe, na aliyomwambia daktari akiwa nusu usingizini. Wote walimsikia mwanamke anayejitetea. Mimi nilisikia mpangilio. Taa ya jicho iko kwenye jicho lenyewe. Kama iliwaka kabla, basi jicho liliona na ujumbe ulitumwa.

Ulitumwa, ukafika mlangoni, na ndani hapakuwa na mtu.

Kumbukumbu zinasema hakuna hitilafu? Zinaandikwa na kompyuta ile ile. Mlinzi aliyezimia hawezi kukusimulia alichofanya alipokuwa amezimia. Akizinduka anaendelea na sentensi aliyokuwa nayo mdomoni.

Katika kazi yetu jambo hili linaitwa kelele. Si sauti. Ni muda unaoporwa. Prosesa ndiyo inayofanya kazi yote ndani ya kompyuta, na wanaoigombania ni wengi: mtandao, diski, kibodi. Hao nawajua, na naweza kuwazuia. Lakini chini yao wote kuna programu ya mtengenezaji, iliyochomelewa kwenye bodi kabla kompyuta haijapakiwa melini. Hiyo haiombi ruhusa. Ikiitaka prosesa inaichukua, kila kitu kinaganda, ikimaliza inairudisha. Na hakuna anayeambiwa.


5

KWA: Meneja wa Kiwanda
KUTOKA: S. Mwalyego, Mifumo ya Kompyuta
YAH: OMBI LA KUPIMA KELELE ZITOKANAZO NA MAUNZI KATIKA KICHAKATAJI (PROSESA) CHA KOMPYUTA YA LAINI YA PILI

Tafadhali rejea ajali iliyotokea. Naomba laini ya pili isimame kwa siku moja ili kipimo kifanyike. Naomba pia kisu kisitumike hadi majibu yapatikane.

MAJIBU: Ombi limepokelewa na kupelekwa kitengo cha afya mahali pa kazi kwa utekelezaji. Kuhusu kutotumika kwa kisu: haiwezekani.


6

Kitengo cha afya mahali pa kazi ni Bwana Tegemeo Sanga. Alikuja na kipima sauti kimening'inia shingoni.

"Hiyo kompyuta ndiyo inayowasumbua kwa kelele?"

"Si kelele za masikioni, Bwana Sanga. Ni za ndani."

"Za ndani." Akainama, akakisogeza kile kifaa mpaka kwenye matundu ya feni, akasubiri kwa heshima kama anayempima mgonjwa presha. "Mbona hii ni pole kabisa? Kisu ndicho kinachopiga kelele."

"Nafahamu."

"Tena kimezidi kiwango!"

Wiki hiyo wakata vinia wote waligawiwa vizibo vya masikio, vya rangi ya chungwa. Skolastika alivivaa siku ile ile. Nilipopita akanionesha dole gumba na kunipigia kelele, kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe:

"Afadhali, injinia! Sasa hata sisikii kinaposhuka!"


7

Imelda alisharudishwa nyumbani. Wakati ule ukungu wa Mufindi hauondoki mpaka saa sita, na mipaini ya kampuni inakuja karibu kabisa na ua wake.

"Kamwene, mama Eliya."

"Kamwene. Ingia ufunge mlango, baridi."

Alikuwa amekaa karibu na jiko, mkono umefungwa na kuwekwa juu ya mto, kama mtoto wa jirani aliyeachiwa amtazame. Mumewe, Zabron, alikuwa akimenya viazi. Alimenya kwa ghadhabu, maganda manene.

Nikamweleza kuhusu kelele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Utapimaje kitu ambacho hata kompyuta yenyewe haikijui?"

"Nitaipa prosesa kazi moja tu, kuangalia saa. Iangalie, iangalie tena, isipumzike. Wengine wote nitawafungia nje. Kama iko peke yake, na bado saa ikaruka, basi aliyeichukua hakuingia kupitia mlangoni. Alikuwa ndani tangu mwanzo."

"Na ukimkuta?"

"Tutajua."

"Mimi najua tayari," alisema Imelda.

Zabron akaweka kisu chini. "Sasa watakubali kwamba hakuwa mzembe? Ameomba kazi kwenye duka la pembejeo, wamemkataa. Wamesoma barua ya kiwanda, wakasema mkono si tatizo, tatizo ni neno."

Sikujibu haraka. Ningejibu haraka ingekuwa ahadi.


8

Jumapili boila zilizimwa zisafishwe, laini zote zikalala. Sikuhitaji ruhusa ya mtu. Nikawasha kompyuta ya laini ya pili, nikazuia kila ninachoweza kuzuia, nikaipa saa iitazame.

sufuri

sufuri

sufuri

vipande vidogo, visivyodhuru, kila kompyuta inavyo

sufuri

sufuri

Nilikunywa chai ya chupa. Nje kwaya ya Walutheri ilikuwa inafanya mazoezi ya wimbo mmoja, wanakosea pale pale, wanaanza upya.

sufuri

sufuri






0.31

Theluthi ya sekunde, kasoro kidogo. Kwako si kitu. Kisu cha laini ya pili kinashuka na kupanda ndani ya muda huo na kubaki na nafasi.

Nilipiga meza kwa kofi. Nilicheka kwa sauti ndani ya kiwanda kitupu. Kisha nikakumbuka nilichokuwa nakichekea, nikakaa.

Mpaka jioni iliruka tena, na tena, bila mpangilio. Nikatafuta chanzo nikakipata. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa na hitilafu ndogo ndogo, za aina ambayo kompyuta inajirekebishia yenyewe. Kila zikifika idadi fulani, ile programu ya mtengenezaji inasimamisha kila kitu ili iandike ripoti. Ilikuwa inaandika makosa yake madogo, kwa uangalifu mkubwa, na wakati inaandika, mkono wa mtu—


9

Mpendwa Mteja,

Asante kwa kuwasiliana nasi. Tumepitia vipimo ulivyotuma. Tabia uliyoieleza ni ya kawaida na iko ndani ya viwango vya bidhaa. Tafadhali zingatia kuwa kompyuta za kundi hili hazikukusudiwa kwa matumizi yanayohusu uhai au viungo vya binadamu (angalia mwongozo, maandishi ya chini).

Programu mpya ya ndani inapatikana. Fundi wetu anaweza kuja kuisakinisha.

Tunathamini usalama wako.


10

Ungependa meneja awe mtu mbaya. Mimi pia ningependa. Bwana Ngailo alisoma vipimo vyangu vyote akiwa amesimama, akavua miwani, akasema:

"Nakuamini."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Nifanye nini, Subilaga?"

"Simamisha laini."

"Laini ikisimama, mnunuzi wa milango anaondoka. Zamu mbili zinarudi kulima mashamba ya watu. Niambie kingine."

"Waya mmoja. Kutoka kwenye jicho moja kwa moja mpaka kwenye breki ya kisu. Kompyuta iambiwe baadaye."

"Waya tu?"

"Waya tu."

Alitazama dirishani. Nadhani alikuwa anajiuliza kile ninachojiuliza mimi, kwamba ni nani aliyechora mashine ile, akafika pale, akaona waya huo hauna haja.

"Nitauweka," akasema. "Na fundi wao aje aweke hiyo programu mpya. Lakini itaandikwa maboresho. Si marekebisho. Tofauti unaielewa?"

"Marekebisho maana yake palikuwa na kosa."

"Na kosa maana yake mama Eliya hakuwa na kosa. Wanasheria wa makao makuu hawatapitisha hilo. Maboresho watapitisha leo."

"Wakishabadilisha programu, hakutabaki cha kupima. Shauri lake la madai liko mbele ya tume ya kazi."

"Tusubiri shauri basi. Kompyuta ibaki kama ilivyo, bila waya, wakaguzi wa tume waje waione ikiruka kwa macho yao. Mimi sitagusa kitu."

"Litaitwa lini?"

"Nani ajuaye? Mwaka huu. Mwaka ujao."

"Na Skolastika?"

Bwana Ngailo akavaa miwani.

"Skolastika anaendelea na kazi."


11

"Kwa nini umekuja kuniuliza mimi?"

Zabron hakuwepo. Imelda alikuwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Kwa sababu ushahidi ni wako, dada."

"Ungeweka tu huo waya. Ungeweka, mimi ningekuja kusikia, ningekulaani, yakaisha. Sasa umetaka niseme kwa mdomo wangu."

Nikarudi hatua moja nyuma.

"Nikisema usubiri?"

"Nitasubiri."

"Na yeye ataendelea kuingiza mkono."

"Ndiyo."

"Wa kulia?"

"Wa kulia."

"Ana watoto?"

"Sija—"

"Usiniambie."

Ukungu ulikuwa umeufuta msitu wote, umebaki ua, na kuku wawili, na sisi. Imelda alikuwa anauangalia mkono wake wa kushoto, ule mzima, anaufungua na kuufumba.

"Weka," akasema.

Akafunga mlango.


12

TANGAZO

Katika juhudi zake endelevu za kuboresha mazingira ya kazi, Uongozi umefanya MABORESHO ya mfumo wa kisu, laini ya pili. Maboresho haya hayahusiani na tukio lolote lililopita.


13
(Skolastika, akimsimulia mwenzake bombani, wakinawa mikono)

Jana vinia ilijikunja, nikaingiza mkono, jicho likawaka, kisu kikasita. Hivi, kimya. Nikatoa mkono, kikaendelea. Kama siku zote. Sasa yule injinia alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi, nikageuka nikamkuta machozi yanamtoka. Nikamuuliza, "Umefiwa?" Akasema hapana. Akaniomba nivue vizibo vya masikio. Watu wa kompyuta bwana.


14

Nilipima tena baada ya fundi kuondoka. Siku nzima.

Sufuri.

Prosesa safi kuliko zote nilizowahi kupima. Kama ingekuwa kazi ya ufundi tu, ningeiwekea fremu.


15
(Kutoka katika mwenendo wa shauri, tume ya kazi, Iringa)

WAKILI WA KAMPUNI: Shahidi, siku ya ajali ulikuwa unapima chochote?

SHAHIDI: Hapana.

WAKILI: Ulipima baadaye, siku kiwanda kimelala, kwa programu yako mwenyewe. Ni kweli?

SHAHIDI: Ndiyo.

WAKILI: Kipimo chako kinaonesha kuwa kompyuta haikuwepo kazini wakati mkono wa mlalamikaji ukiwa chini ya kisu?

SHAHIDI: Kinaonesha inaweza kutokuwepo.

WAKILI: Sikuuliza kama inaweza.

SHAHIDI: Hakuna kipimo duniani kinachoweza kurudi nyuma na—

WAKILI: Ndiyo au hapana?

SHAHIDI:

MWENYEKITI: Shahidi ajibu.

SHAHIDI: Hapana.

WAKILI: Tume ilipokagua mashine juzi, jicho liliona mara nyingi. Kisu kilisimama mara ngapi?

SHAHIDI: Kila mara.

WAKILI: Kwa sababu ya nini?

SHAHIDI: Waya.

WAKILI: Uliopendekezwa na nani?

SHAHIDI: Na mimi.

WAKILI: Katika fomu ya kazi hiyo, kwenye sababu, pameandikwa "maboresho". Sahihi hiyo ni ya nani?

SHAHIDI: Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kueleza kwa nini—

MWENYEKITI: Sahihi ni ya nani?

SHAHIDI: Ni yangu.

MLALAMIKAJI: Mimi ndiye niliyemwambia aweke.

MWENYEKITI: Mlalamikaji atasubiri zamu yake.

MLALAMIKAJI: Zamu yangu ilishapita tangu asubuhi, mheshimiwa. Niliulizwa kama mwongozo wa usalama niliusoma. Hili sikuulizwa.

MWENYEKITI: Haliingizwi kwenye mwenendo.

(Limeingizwa. Karani aliandika kabla hajasimamishwa, na hakulifuta.)


16

Tume imepima ushahidi wa pande zote. Imejiridhisha kuwa mfumo wa usalama wa mwajiri, kama ulivyokaguliwa, hauna kasoro. Uwezekano si uthibitisho. Madai yametupwa. Haki ya rufaa ipo kwa asiyeridhika.


17

Nje palikuwa na benchi la saruji na jua kali, jua la Iringa mjini, lile ambalo kwetu juu hatulioni kwa miezi. Zabron alikwenda kutafuta maji ya kunywa. Tulijua hakuwa na kiu.

Bwana Ngailo alipita akielekea kwenye gari la kampuni. Alisita, akavua kofia, akamwambia Imelda, "Pole, mama." Imelda akaitikia, "Asante, baba." Gari likaondoka.

Tukakaa.

"Kwa hiyo alikuwa nani?" akauliza.

"Nani, dada?"

"Aliyeichukua kompyuta wakati ule. Hukuwahi kuniambia jina lake."

"Hana jina. Si mtu. Ni programu tu. Waliiandika watu wa mbali huko, wengine labda walishaacha kazi. Hata kujua hawajui kama ilichukua kitu."

Mwanamke mmoja alipita na ndoo ya maparachichi, akatusalimia, tukaitikia wote wawili pamoja.

"Ingekuwa heri awe mtu," Imelda akasema. "Mtu ningemwendea nyumbani kwake. Ningekaa mlangoni mpaka atoke. Hata asiseme kitu, lakini anione."

"Kuna rufaa."

"Nimesikia."

"Nitakuja tena kutoa ushahidi. Popote watakaponiita."

"Utasema nini ambacho hujasema?"

Zabron alikuwa anarudi, chupa tatu mkononi, anatembea polepole ili asifike.

"Nitasema kwamba ilikuwa jekundu, halafu kisu."